Jiko la Tatu

Jiko la udongo halitaki kuharakishwa. Ukiliwasha lingali bichi litajaza nyumba moshi, halafu litapasuka, na fundi yeyote atakwambia umevuna ulichopanda. Qiaoyun hakuwa fundi. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa miaka mitano, Meizi, na jiko alilolijenga kwa kujificha ndani ya banda la nyungo za viwavi wa hariri lilikuwa bado linatoa jasho, huku mvua ya mwezi wa tano imekalia bonde zima kama mgeni asiyejua kuaga.

Asubuhi, watu wa nyumba wakishashuka majarubani kupandikiza mpunga, yeye aliyeachiwa zamu ya kupika alichota majivu ya vuguvugu kutoka jiko kubwa, akayafunika kwa kawa, akavuka ua mbiombio kwenda kuyamwaga tumboni mwa jiko lake. Majivu si moto. Hilo alijirudia moyoni kila alipovuka ua, maana moto hasa ulikuwa mwiko. Kaa la kwanza la jiko jipya hutoka jiko la zamani, siku ya mgawo wa urithi, mchana kweupe, mbele ya mjomba. Aliyewasha kabla ya hapo ni mwizi wa moto, na mwizi wa moto hana kura.

Na kura ndiyo iliyomnyima usingizi. Mzee Ling, baba mkwe wake, alikuwa amefariki, matanga yake na miezi ya kumvalia nguo za katani za msiba imekwisha, na wanawe walikuwa wamekubaliana kugawana. Wana wenyewe walikuwa watatu: Maolin mkubwa, Qing kitinda mimba, na katikati Changshou, mumewe Qiaoyun, aliyesombwa na mto akivusha mianzi mwaka wa ishirini na tisa wa utawala wa mfalme Qianlong. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hawa hawakugombana hata kidogo. Walikaa, wakanywa chai, wakakubaliana kabla kikombe hakijapoa, na utulivu huo ndio uliomtia Qiaoyun wasiwasi. Watu wanaogawana kwa amani huwa wamekwisha kumpata wa kumpunja.

Hakukawia kumjua. Maolin alimwita fundi wa majiko, na fundi akashughulikia mawili tu: akajenga la Qing upande wa mashariki, akaziba nyufa za jiko kubwa, ambalo lingebaki kwa Maolin. Qiaoyun alipouliza la tatu liko wapi, shemeji yake alicheka kwa upole, akasema mama Meizi na mwanawe watakula kwake, wali haujawahi kuwapungukia. Ulikuwa ukarimu wa kupigiwa mfano, ungedhani kweli. Katika bonde lile kila mtu alijua hesabu yake: asiye na jiko hana kura, asiye na kura hana jaruba, na asiye na jaruba hana neno juu ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Tayari familia moja ya kule kivukoni ilikuwa imeuliza habari za Meizi. Walitaka mkwe mdogo wa kulea wenyewe, aje kuchota maji na kulea watoto hadi atakapofaa kuolewa. Maolin hakuwakatalia. Aliwaambia wangoje mgawo upite.

Kwa hiyo Qiaoyun alichimba udongo kando ya mfereji, akaukanyaga na makapi ya mpunga, akajenga. Mara moja tu aligunduliwa. Alisikia mlango wa banda ukilia, akageuka, akamwona Lanxiu, mke wa Maolin, amesimama na ungo kiunoni. Qiaoyun alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko, asingeweza kusema anacheza kibaba-baba kama watoto.

Lanxiu aliliangalia jiko, kisha akauangalia mlango. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hata hayo machache mumewe alimsemea.

"Geuza huo mdomo," alisema. "Upepo wa hapa unatoka mlangoni. Moshi utakurudia machoni."

Akachukua nyungo alizofuata, akaondoka. Qiaoyun aliubomoa mdomo wa jiko, akaujenga upya ukielekea ukutani, na hadi jioni alikuwa anasubiri Maolin aje na jembe. Maolin hakuja. Siku zilizofuata Lanxiu alimwachia kila asubuhi majivu mengi kuliko kawaida, na hawakulizungumza.

Mjomba Tao alifika siku ya mgawo akiwa amelowa, goti linamuuma, na njaa imempanda hadi masikioni. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na hasira ya kutosha wagonjwa na wazima. Alikuwa kaka wa marehemu mama wa akina Maolin, mtengeneza karatasi za mianzi kutoka ng'ambo ya mlima, na pale bila yeye hakuna kilichogawika. Mbinguni radi, duniani mjomba, ndivyo wasemavyo, na akiinuka mezani kwa hasira mgawo wote umeharibika. Alipewa kiti cha heshima chini ya vibao vya majina ya mababu, akapewa nyama ya nguruwe yenye mafuta, akala yote. Kisha akapangusa vijiti vyake.

"Haya. Nionyesheni majiko."

Kwa desturi, mjomba husimama uani na wake wa nyumba huchukua makaa kutoka jiko la zamani, kila mmoja kwenda lake, wakapika bakuli moja la wali. Moshi utokao ndio unaohesabiwa. Lanxiu alipuliza jiko kubwa. Mke wa Qing akachukua kaa lake kwa koleo, akapita. Ndipo Qiaoyun akatoka nyuma yao na chungu kidogo cha kubebea moto mkononi, akainama mbele ya jiko kubwa, akachukua kaa lake.

"Shemeji, hilo unalipeleka wapi?" Maolin akauliza.

Qiaoyun alivuka ua mvuani akilifunika kaa kwa mwili wake, Meizi ameshika upindo wa nguo nyuma yake. Ndani ya banda, sufuria ya mchele ikiwa tayari juu ya jiko, alipanga majani makavu ya mpunga, akaweka kaa, akapuliza. Jiko likakohoa moshi mweupe mzito. Akapuliza tena. Ubavuni aliona ufa mwembamba ukitambaa kuelekea juu, akaubana kwa kiganja kana kwamba ni jeraha la mtu, akaendelea kupuliza huku kiganja kinaungua, machozi yanamtoka na hajui ni ya moshi au ya nini. Nje alisikia Maolin akimweleza mjomba kwamba ni mambo ya wanawake, mjane ana uchungu, asijali.

Moto ukashika. Ulishika upande mmoja kwanza, kisha wote, na maji yakaanza kuimba sufuriani.

Wali ulipokauka maji, mjomba alichungulia, akachovya kidole katika wali, akatia mdomoni. "Haujaiva vizuri," alisema. "Lakini ni wali. Majiko matatu. Andikeni kura tatu."

Kura zikaandikwa, zikaviringishwa, zikatiwa katika kibaba cha kupimia mchele mbele ya vibao vya mababu. Qiaoyun alisimama ukutani, kiganja kimevimba, akidhani sasa anaweza kupumua. Alikuwa amemsahau Maolin, na Maolin si mtu wa kusahauliwa. Alimwaga pombe ya mchele sakafuni mbele ya vibao vya wazee wake, akapiga magoti, akanena kwa sauti ya unyenyekevu. Jiko lipo, alisema, hapingi. Lakini nani ataingiza mkono kibabani kwa ajili ya Changshou? Mkono wa mwanamke hauchukui kura. Nyumba ya ndugu yake isizimike bila mrithi, nani atamchomea ubani? Basi yeye, kwa mapenzi ya nduguye, mbele ya mababu, anamtoa mwanawe wa pili, Ashui, awe mwana wa Changshou.

Lilikuwa pigo safi. Ashui alikuwa na miaka saba. Kura ingekuwa yake, majaruba yangelimwa na babaye mzazi, na jiko la Qiaoyun lingekuwa pambo. Qiaoyun aliona akilini mto, kivuko, na Meizi akipandishwa mashua ya watu. Qing alitazama viatu vyake, kama kawaida yake.

"Umetamka mbele yao?" mjomba akauliza, akielekeza kidevu kwenye vibao.

"Nimetamka, mjomba."

"Umemwaga na pombe?"

"Nimemwaga."

"Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse pombe." Mjomba akamgeukia Qing, akamwagiza aandike. Kisha, kana kwamba anauliza bei ya chumvi, "Na mtoto atakula wapi?"

"Hapa kwangu, mjomba. Bado mdogo, kamzoea mama yake."

"Mama yake yupi?" Mjomba akamkazia macho. "Mwana wa jiko la tatu anakula jiko la tatu. Analala huko, anasujudu huko. Ama ulikuwa unawatania wazee wako?"

Mjomba Tao akamwangalia mjane.

"Mama Meizi. Unampokea? Ukikataa, sikulazimishi, ila kura yako naitoa humu kibabani."

Qiaoyun alitazama mlangoni. Lanxiu alikuwa amesimama pale na upawa mkononi, wali unadondoka sakafuni na yeye haoni. Hakutikisa kichwa, hakuomba. Alimtazama tu, na Qiaoyun akatamani sana amtukane, maana mtu akikutukana unapata nguvu. Meizi alikuwa bado ameshika upindo wa nguo yake.

"Nampokea," alisema.

Ashui aliongozwa na mjomba, akaingiza mkono kibabani, akachomoa kura ya majaruba ya juu karibu na chemchemi. Hayakuwa mabaya.

Jua lilipokuwa linatua, mvua imepungua, Lanxiu alivuka ua akimshika Ashui mkono, na mkono mwingine amebeba koti la pamba la mtoto. Alisimama nje ya banda bila kuingia.

"Hapendi tangawizi," alisema. "Na akikohoa, mpe mapea yaliyochemshwa. Asilale bila soksi."

"Mama mdogo, tunakula nini?" Ashui akamuuliza Qiaoyun, kama alivyomwita siku zote.

"Si mama mdogo," Lanxiu akamkatiza. "Mwite mama."

"Na wewe je?"

"Mimi mama yako mkubwa."

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo wa siku ya wageni, akaingia kumtafuta Meizi. Qiaoyun alishindwa kuinua macho. Alishika ukingo wa mlango kwa kiganja kilichoungua, akasema kwa kunong'ona, "Dada, arudi kulala kwako. Nani atajua? Usiku mmoja tu, azoee polepole."

"Maolin atajua," Lanxiu akajibu. "Ashui akilala kwangu usiku mmoja, kesho mume wangu atakuwa shambani kwako na nyati wa kulimia. Na mwezi ujao Meizi atakuwa kivukoni." Aliliweka koti mikononi mwa Qiaoyun, akaukunja ukosi wake vizuri ingawa ulikuwa umekunjwa tayari. "Usimruhusu arudi. Hata akilia. Hata mimi nikija kumchukua, usimtoe."

Kisha akauvuta mlango wa banda kutoka nje, akaufunga yeye mwenyewe.