Fundi Rangi Mbele ya Taa ya Bluu

Fundi rangi wa gereji aliingia hospitali akiwa na uhakika kwamba amewekewa mtego. Aliyemleta ni shemeji yake, kaka wa mkewe, anayepulizia magari rangi anazochanganya fundi. Tangu mkono wa fundi uanze kutetemeka, shemeji amekuwa mwema kupita kiasi.

"Wanapima macho tu, shem," shemeji alimwambia mlangoni.

"Unaotetemeka ni mkono, wanapima macho. Mnanifanya mtoto."

Ndani, dada wa vipimo alimbandika waya mwembamba chini ya jicho. Jicho likimulikwa, alieleza, hutoa umeme kidogo. Linavyojibu taa nyekundu, kijani na bluu huweza kudokeza kama kuna hitilafu kwenye ubongo.

Fundi alishika neno moja tu: rangi. Kumbe wanampima kazi. Akikosea, chumba cha kuchanganyia rangi kinakwenda kwa shemeji.

Basi taa zilipoanza kumulika, alifanya kama anapolinganisha mlango uliopakwa na boneti ya zamani: alifinya macho mpaka yakabaki nyufa.

"Hiyo bluu imezidishwa kijani," alisema.

"Baba, sijakuuliza. Na ukifinya macho unaniharibia mistari yote ya kipimo kwenye skrini. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli."

"Nani kakwambia useme hivyo?"

Dada akacheka, akaanza upya. Fundi aliyaacha macho wazi, shingo upande.

Daktari alipopitia mistari alisema macho yenyewe ni mazima, ila jibu lao kwa taa ya bluu liko chini. Peke yake hilo halithibitishi ugonjwa. Likijumlishwa na mkono, inafaa amwone daktari wa ubongo.

"Shemeji yangu atapewa majibu haya?"

"Ukitaka wewe."

"Alikuja kuyaulizia?"

"Aliuliza kama kutetemeka kuna dawa. Nikamwambia kwanza tujue chanzo."

Fundi alilipima jibu hilo asione kasoro yake, na hilo halikumpendeza.

Shemeji alikuwa anasubiri kwenye korido. "Wamesemaje?"

"Nitaonana na daktari wa ubongo. Mpaka hapo, mimi nitataja vipimo vya rangi, wewe utamimina. Na kila kopo nitalikagua mwenyewe kabla halijatoka."

"Hata mimi huniamini, shem?"

"Wewe hasa."

Walishuka ngazi pamoja, na palipokuwa na utelezi fundi alimshika shemeji bega, bila kumtazama.