Alifungua linki kuutetea mshono wake

Saa mbili asubuhi, mlango wa chumba cha mbele uko wazi na cherehani inalia. Mama Kola ana pini tatu mdomoni. Jina hilo alipewa na wateja: kola isiyolala sawasawa huifumua hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni anasubiri.

Simu iko mezani, kati ya vipande vya kitambaa. Ikiita anapokea. Ikileta ujumbe, anaiacha kwanza.

“Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka,” anasema, akizitoa pini.

Nyoka wake alimfuata kwenye ukurasa wa mtandaoni, ambako kwa miaka sita alikuwa akiweka picha za kazi zake. Karibu nusu ya wateja walimpata huko. Ujumbe ulitoka kwa fundi mwenzake: “Dada, kuna mtu anajidai mshono wako ni wake. Mwone hapa.” Chini yake, linki.

Kwa mafundi, kuibiana picha ni ugomvi wa kila siku, na hakuna anayeusikia akatulia. Mama Kola aligusa. Ukurasa ukaomba neno lake la siri, akaliandika.

“Wangeniambia nimeshinda gari ningecheka. Mimi na gari wapi na wapi? Lakini kuniibia kazi yangu! Hasira zilinipanda, vidole vikatangulia akili.”

Fundi mwenzake hakuwa ameandika chochote. Naye alishaibiwa ukurasa wake. Kabla ya mchana, wateja wa Mama Kola walikuwa wakipokea ujumbe kwa jina lake: mishono mipya imetoka, fungua uchague. Wengi walifungua.

“Mtu amenipima kiuno miaka yote na hajawahi kunitangaza,” anasema wifi yake, mmoja wa waliofungua, huku akipiga pasi. “Nije nimwogope kwa linki?”

Hapo ndipo wezi hawa wanapotuwezea. Hawaji kama wageni. Huja na jina la mtu wa nyumbani.

Aliyeumia zaidi ni mteja wake wa kwanza, mwalimu wa shule ya jirani. Yeye naye alipoteza ukurasa wake, pamoja na picha za marehemu mama yake ambazo hakuwa nazo kwingine. Mama Kola alikwenda kumwomba radhi. Mwalimu alimsikiliza mlangoni, akasema sawa, akafunga. Tangu hapo hajaleta hata zipu ya kubadilishwa.

“Ukurasa nimefungua mwingine,” anasema Mama Kola. “Mwalimu mwingine nitamtoa wapi?”

Mazungumzo yakiwa katikati, simu inalia mlio wa ujumbe. Ni Mwalimu. Hakuna salamu, linki tu na maneno mawili: “Nishonee hii.”

Mama Kola anaitazama. Hafungui. Anapiga.

“Mwalimu, samahani. Ni wewe kweli uliyetuma?”

“Ni mimi. Hujafungua?”

“Nimeogopa.”

“Afadhali. Hata mimi ya kwako nisingefungua. Basi nitakuja Jumamosi na kitambaa, tuelewane ana kwa ana.”

Anaiweka simu chini, anafuta macho kwa kipande cha bitana. Kisha anaeleza kazi nyingine anayoifanya siku hizi: anawapigia wateja wake wa zamani mmoja mmoja, akiuliza nani aliwahi kupiga picha harusini au kanisani akiwa na mama yake Mwalimu. Zimepatikana mbili, ameshazisafisha studio.

“Naitafuta ya tatu,” anasema. “Lakini kwa simu sizitumi. Nitampa mkononi.”