Dume la Bluu

Aibu hii nimeibeba tangu ujana, na mpaka leo nikipita upande ule wa Kharumwa kuna wazee wachache waliobaki ambao hawaniiti kwa jina langu la Nkwabi, wananiita Bluu, na mimi naitika, nifanyeje?

Nilikuwa nataka kumwoa Kabula binti Mhoja. Sasa kwetu Usukumani, siku ile ya kupatana mahari, ng'ombe hawapelekwi, bado wako zizini kwenu, msemaji wenu anakwenda na vijiti vya mtama, anavipanga chini mbele ya wakwe, hiki dume, hiki mtamba, mnazungumza mpaka mnaelewana. Ndivyo babu alivyofanya, ndivyo baba alivyofanya. Mimi nikajiona fundi. (Nilikuwa nimepaka rangi milango ya zahanati pamoja na binamu yangu, basi, ufundi wangu ulianzia hapo na kuishia hapo, shule yenyewe niliiacha nikiwa bado naandika kwa mkaa.) Nikasema vijiti ni mambo ya zamani, nitachonga ng'ombe wadogo wa mti, kila mmoja kama dole gumba, nimpake rangi ya ng'ombe mwenyewe aliyeko zizini, wakwe waone ng'ombe wetu kabla ya kuwaona, na Kabula asikie mchumba wake ana mikono.

Kuchonga hakukunishinda. Brashi nilitengeneza kwa manyoya ya mkia wa mbuzi niliyoyafunga kwenye kijiti, rangi zilikuwa mabaki ya binamu, makopo yaliyobanduka karatasi. Tatizo likawa mahali pa kukaa. Nje kulikuwa na jua la kutosha kabisa, bure, la kiangazi, lakini nje kulikuwa pia na watoto wachunga ng'ombe, na wao ndio wanaochezea ng'ombe wa udongo, sasa mwanamume mzima anayetafuta mke aonekane amekaa uwanjani na vitu vile? Nikajidanganya kwamba vumbi litaganda kwenye rangi mbichi, nikaingia ndani mchana kweupe, nikafunga mlango, nikaziba dirisha kwa gunia, nikawasha koroboi.

Nataka niseme kidogo habari za koroboi, maana aliyezoea umeme hawezi kuelewa. Moto wake ni wa manjano, na kila unachokitazama kwa moto ule nacho kinakuwa cha manjano, kwa hiyo manjano yenyewe inajificha, unaiona nyeupe, na bluu inakosa pa kusimama, inaanguka kwenye weusi. Haya nayajua leo. Siku ile nilifungua kopo moja nikasema nyeupe hii, nikafungua la pili nikasema nyeusi hii, nikapaka huku masizi yanatua mgongoni mwa ng'ombe zangu na mimi nayapuliza, moyo umejaa. Zilipokauka nikazifunga kwenye khanga humo humo ndani. Jua halikuziona.

Siku ya mazungumzo msemaji wetu alikuwa baba mdogo Masanja, mtu wa maneno matamu, naye nilimkabidhi lile furushi nikamfundisha mstari mmoja mmoja. Mimi mchumba sikai na wazee, kwa hiyo nilibaki nje ya ua wa minyaa, nikatafuta upenyo wa kuchungulia.

Baba mdogo akafungua khanga katikati ya uwanja, akainua ng'ombe wa kwanza juu kabisa, macho yake yako kwa wakwe, hakutazama alichoshika.

"Hili ndilo dume letu jeusi," akasema, "jeusi tii, halina hata doa."

Mimi kule nje niliona kitu cha bluu kinang'aa juani, bluu kama ile milango niliyopaka.

"Masanja," akasema Mzee Mhoja, baba yake Kabula, "hebu rudia. Jeusi?"

"Jeusi, mzee wangu."

Shangazi mmoja akashindwa kujizuia. "Jamani! Weusi wa kwao ndio huo? Mbona limefanana na mlango wa zahanati?"

"Na huyu wa manjano," akadakia mwenzake, "tukimkamua atatoa maziwa au samli moja kwa moja?"

Wanawake wakaangua kicheko, wengine wakashikana mabega. Lakini Mzee Mhoja hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisimama.

"Ng'ombe hawa hawapo duniani," akasema. "Mtu akija kuniahidi kisichokuwepo, ananiambia kwamba hana kitu, au kwamba binti yangu si kitu. Fungeni mzigo wenu, mwende."

Baba mdogo, yule wa maneno matamu, aliweka dume chini akaanza kukunja khanga. Nikaona Kabula ananiponyoka hivyo hivyo, kwa sababu ya kopo la rangi. Nikasahau adabu, nikapita kwenye minyaa (utomvu ule ulinichoma mkono wiki nzima), nikapiga magoti mbele ya wazee.

"Shikamooni."

Hakuna aliyeitika.

"Mzee, dume ni jeusi kweli. Nilipaka ndani kwa koroboi, mwanga ndio umenipoteza."

"Usiku?"

"Mchana."

"Mchana, kwa koroboi? Mlango je?"

"Niliufunga."

"Kwa nini?"

Ikabidi niseme, mbele ya mashangazi wote, na Kabula yuko nyuma ya mlango wa jiko anasikia, kwamba niliogopa kuchekwa na watoto wachunga ng'ombe. Kicheko kilichofuata sitaki kukisimulia.

Aliyeniokoa ni bibi yake Kabula, Mayu Limi. Alinyanyuka taratibu, akaokota lile dume na yule wa manjano, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Tukasubiri. Kisha akaita kutoka ndani, "Mhoja, njoo utazame."

Mzee akaingia. Alipotoka uso wake ulikuwa mwingine, si wa furaha, lakini hasira ilikuwa imemtoka. "Humo ndani kwa koroboi ni jeusi," akawaambia wazee, "na mwenzake ni mweupe. Kijana hakudanganya." Akanigeukia. "Lakini mimi binti yangu simwozi gizani. Ng'ombe wenu nitakuja kuwatazama mwenyewe, zizini, jua likiwa utosini. Masanja, kakate vijiti vya mtama."

Akaja kweli, akawatazama mmoja mmoja, akakubali, nikampata Kabula.

Tulishazaa ndipo siku moja mke wangu akaniuliza, tukiwa tunapukuchua mahindi, "Hivi Baba Shija, wale watoto ungewaacha wakucheke, wangekufanya nini?"

Nikaendelea kupukuchua. Wangesema tu, we Nkwabi, mbona dume lako la bluu? Nami ningechukua kitambaa.

Tangu hapo kazi ya mikono yangu naifanyia nje, asubuhi, kabla jua halijawa kali, apite anayepita, acheke anayecheka. Rangi ikiwa mbichi bado inafutika.