Siku Ambayo Kugathasan Hakuning'inia

Kugathasan alikuwa fundi wa pampu za maji. Wakulima wa vitunguu kuanzia kijiji cha Mallakam hadi Chunnakam walimjua wote, kwa sababu pampu ikigoma wakati wa kiangazi mkulima hapati usingizi, na yeye hakuwa mtu wa maringo. Ukimwita anakuja na baiskeli yake, mfuko wa spana begani, hata kama ndio kwanza amepakuliwa chakula. Tuliishi naye katika kambi ya wakimbizi wa vita miaka ishirini na minane. Kibanda chao na chetu vilitenganishwa na ukuta mmoja wa makuti ya mvumo, na ukuta wa makuti haufichi kitu. Nilijua wanapogombana, nilijua wanapocheka, na nilijua mama yake anapoamka kukohoa.

Huyo mama aliitwa Annaledchumi. Mwaka 1989, Kugan, kama tulivyomwita kwa kifupi, akiwa na miaka tisa, aliumwa na nyoka katika shamba la tumbaku. Mguu ulivimba mpaka pajani, macho yakaanza kufumba yenyewe. Mama alimbeba hadi hekalu la mungu Murugan la kijijini kwetu, akamlaza mlangoni na kusema mbele ya watu kwamba mtoto huyu akipona, siku atakapokuwa mtu mzima ataning'inia mbele ya Murugan kwa kulabu nane za chuma zilizotungwa kwenye ngozi yake. Kisha akambeba tena, akakimbia naye kwa mganga wa nyoka. Mtoto akapona. Mwaka uliofuata vita vilitufikia, tukatoka na nguo tulizovaa, na jeshi likazungushia uzio kijiji kizima pamoja na hekalu lake.

Watu walimshauri mama atimize nadhiri kwenye hekalu lingine, maana Murugan yupo kila mahali. Alikataa kabisa. Alisema hakuongea na Murugan wa mjini, aliongea na huyu wa kwetu, na huyu ndiye aliyesikia. Kwa hiyo kila Kugan alipopata homa, kila alipoanguka na baiskeli, hata siku kipande cha kombora kilipompiga begani akiwa kwenye foleni ya unga, nilimsikia mama kupitia makuti akisema polepole, "Anatukumbusha."

Mwaka 2018 uzio wa upande wetu ulitolewa. Hekalu lilikuwa halina paa, mti umeota katikati ya ukumbi, lakini kuhani alikuwa ameihifadhi sanamu ya Murugan miaka yote hiyo kwa mdogo wake, na ikarudishwa. Watu walifyeka, wakapiga mabati juu, na ikatangazwa kwamba mwezi wa nane patakuwa na sikukuu, ya kwanza tangu tukimbie. Siku hiyo hiyo mama alimwita Kugan, akamwambia neno moja tu: "Sasa."

Kugan alikuwa na miaka thelathini na minane, hajaoa, ndevu zimeanza kuingia mvi. Dada yake mkubwa, Malar, alikuwa amerudi nyumbani baada ya mumewe kupotea mwaka wa mwisho wa vita, na watu watatu hao walikuwa ndio familia yote. Nilimwuliza Kugan kama anaogopa. Akasema anaogopa sana, lakini afadhali aogope mara moja na mambo yaishe kuliko kuogopa kidogo kidogo maisha yake yote.

Wenzake kwenye kibanda cha chai hawakumwacha apumue. Walikumbuka wote siku wauguzi walipokuja kambini kuchanja, Kugan akaanguka kama gunia kabla hata sindano haijamgusa.

"Wewe uliyezimia kwa sindano moja," mmoja akamwambia, "kulabu nane utazifanyaje?"

"Ile moja ilinishukia peke yake," Kugan akajibu. "Hizi zitagawana kazi."

Mtu wa kulabu alikuwa mzee Arasu. Alikuwa ameanza kutunga watu kulabu tangu ujana, na mikono yake ilikuwa myepesi, hata wale waliopita mikononi mwake walisema hujui ameanza mpaka amemaliza. Alikuja siku ishirini na moja kabla ya sikukuu, akamkalisha Kugan kwenye mkeka uani, akampapasa mgongo kwa muda mrefu. Alikuwa akishika ngozi kwa vidole viwili, akiivuta, akiiachia. Alipofika bega la kushoto, kwenye lile kovu la kombora, akasimama. Ngozi pale ilikuwa imeshikamana na nyama, haikuinuka. Akasema kulabu ya pale itashuka vidole vinne chini, na uzito utaelemea kidogo upande wa kulia, kwa hiyo Kugan asishtuke akijiona anainama kama ndege aliyeumia bawa.

Kisha akampa masharti. Kula mara moja kwa siku, wali na dengu na majani, bila samaki wala yai. Kulala chini kwenye mkeka. Kuoga kisimani kabla ya jua. Asinyoe, asigombane, asiingie nyumba yenye msiba. Mgongo na nyuma ya miguu vipakwe mafuta ya ufuta kila jioni na kukandwa, ili ngozi ilegee.

"Na ule usiku wa mwisho usifikirie kulabu," mzee alimwambia. "Mwili ukiogopa, ngozi inakaza, nami nitalazimika kutumia nguvu. Fikiria kitu unachokipenda."

Malar ndiye aliyemkanda. Kila jioni nilisikia viganja vyake vikipiga mgongo wa mdogo wake mtu mzima kama anayekanda unga, na mama kwenye kiti chake akielekeza: pale juu zaidi, hapo umepasahau. Siku za kwanza walicheka. Kugan alisema hajawahi kupata starehe kama ile, na kama angejua angejitolea zamani.

Lakini wiki ya pili mama alianza kuvimba miguu. Moyo wake ulikuwa na tatizo la siku nyingi, na daktari wa zahanati alikuwa ameshasema apelekwe hospitali mjini alazwe. Kugan alikodi gari asubuhi moja. Mama alishika nguzo ya mlango na hakuiachia. Akasema akienda hospitali watamlaza wiki mbili, na sikukuu itampita. Akasema amemngoja Murugan huyu miaka ishirini na minane, hatashindwa kungoja siku tisa. Kugan alimbembeleza. Malar alilia. Mwisho mama alimtazama mwanawe, akamwambia:

"Masharti yako yanasema usigombane na mtu. Unagombana na mimi?"

Dereva wa gari alingoja kidogo, kisha akaondoka. Mimi nilikuwepo, nami sikusema kitu. Siku hizi najiuliza kwa nini.

Siku tisa zile alizihesabu kwa sauti. Alipanga kila kitu: kiti chake kiwekwe kwenye lango la hekalu, upande wa kivuli, Malar achukue birika la maji ya ndimu, mimi nimshike mkono trekta ya kumbeba Kugan kwenye mlingoti itakapokaribia kwa sababu macho yake hayaoni mbali, nimwambie mwanawe yuko wapi. Jioni ya mwisho mzee Arasu alikuja akamwekea Kugan alama nane kwa manjano, nne mgongoni na nne nyuma ya miguu. Mama aliomba asogezwe. Akazigusa alama moja moja kwa ncha ya kidole, akihesabu, kama anayehakikisha vifungo vya shati la mtoto wa shule.

Alfajiri Malar alikuja kwangu akapiga makuti kwa kiganja. Nilipotoka akanishika mkono, akaniongoza hadi kitandani kwa mama. Mama alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu. Nilimgusa shingoni. Alikuwa bado na joto, lakini mshipa haupigi.

Kugan alikuwa kisimani. Tulisikia ndoo ikishuka na kupanda, na yeye akivuta maneno ya sala chini chini. Malar alifunga mlango, akasimama mbele yake.

Kwetu nyumba yenye maiti haiingii hekaluni, siku thelathini na moja. Mtu wa nyumba hiyo hagusi sadaka, hagusi kuhani, hagusi kamba ya kuvuta gari la mungu. Malar alijua hayo tangu utoto. Ndiyo maana aliniambia alichoniambia.

"Dada Yogam, watu bado hawajui. Ni mimi na wewe. Atakwenda, atatimiza, atarudi saa saba. Hapo ndipo tutalia."

Nilimfikiria Annaledchumi, nikaona kama ningemwuliza yeye mwenyewe, angesema fungeni mlango. Kugan akaja uani, maji yanamtiririka, shuka mpya ya njano kiunoni. Aliona jinsi tulivyosimama. Malar akamwambia yote mara moja, kifo na mpango, bila kupumua katikati.

Aliingia ndani. Alikaa sakafuni kando ya kitanda kwa muda, akauweka sawa mkono wa mama uliokuwa umeanguka. Nje tukasikia trekta ikija, kengele zimefungwa mbele, na watu wanaimba.

"Mdogo wangu, nenda," Malar akasema. "Ni yeye aliyetaka."

"Alitaka anione," Kugan akajibu. "Sasa nani aniangalie?"

Malar akasema Murugan atamwangalia. Kugan akatikisa kichwa. Akasema hawezi kwenda mbele ya mungu na uongo mgongoni, mbele ya huyu hasa, ambaye mama yake alimwambia ukweli. Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa linamchoma zaidi ya yote. "Ningembeba siku ile. Angenipiga, angenilaani, lakini angekuwa kitandani hospitali, anapumua. Nilimsikiliza kwa sababu ya masharti."

Alitoka barabarani mwenyewe. Mzee Arasu alikuwa ameshuka kwenye tela, kulabu zimefungwa katika kitambaa cheupe mkononi. Kugan alisimama mbali kidogo, akaunganisha viganja, akasema, "Mama ametutoka." Mzee alipiga hatua moja mbele, kisha akakumbuka, akajizuia. Alikuwa na watu wengine watatu wa kutunga kulabu asubuhi ile. Angemgusa Kugan, naye angekuwa na msiba mwilini, na nadhiri za wote watatu zingeharibika. Jana yake tu alikuwa ameushika mgongo ule na kuuwekea alama, na sasa hakuweza hata kuweka mkono begani. Alisimama hatua tatu mbali naye, machozi yakamshuka, akarudi kwenye tela.

Wazee wa hekalu walituma mtu kuomba kwa heshima kwamba ngoma za msiba zisipigwe mpaka msafara upite. Tulikubali. Kwa hiyo tukaiosha na kuivika maiti kimya kimya, wanawake wakilia na nguo mdomoni. Kugan aliteka maji ya kumwoshea mama yake. Alipoinama kuweka mtungi niliziona zile alama nane, maji ya kisima hayakuzifuta, njano tupu juu ya ngozi nyeusi.

Saa nne msafara ulipita kwenye barabara ya kambi. Kwenye mlingoti uliochongwa kwa ajili ya Kugan alining'inia kijana wa kijiji cha Kattuvan, uso chini, mikono ameinyoosha, mwili wake unapanda na kushuka trekta inapopita kwenye mashimo. Kugan alisimama mlangoni akamtazama mpaka msafara ukapinda kona. Malar alijaribu kufunga mlango, naye akauzuia kwa mguu. Baadaye jioni alinyolewa kichwa na ndevu, akachukua chungu cha moto, akatangulia mbele ya jeneza. Sisi wanawake tuliishia njia panda; kwetu mahali pa kuchomea maiti huenda wanaume tu.

Miezi iliyofuata alikuwa mtu wa kazi tu. Walirudi kijijini, wakajenga chumba kimoja kwenye kiwanja chao cha zamani. Malar alimwambia nadhiri imekwisha, aliyeisema hayupo. Watu wengi walimwambia hivyo hivyo. Hakubishana nao. Mwaka ulipokaribia kuzunguka, ibada ya mwaka wa msiba wa mama ikafanywa mapema, na ilipomalizika alianza tena kulala kwenye mkeka. Mzee Arasu alikuja bila kuitwa.

Alining'inia kwa kulabu mwezi wa nane, mimi nikiwa miongoni mwa watu. Hakuzimia. Zilipoingia alikuwa amefumba macho, anapumua kwa pua, na mzee alimnong'oneza wakati wote. Mlingoti ulipoinuka, ngozi ikavutika, damu kidogo sana, naye akainama kulia kama alivyoambiwa. Malar alikwenda mbele ya trekta njia nzima, akimwaga maji barabarani, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Niliwahi kumwuliza baadaye ilikuwaje. Aliniambia maumivu yapo mpaka miguu inapoacha ardhi, kisha yanakwenda mahali pengine, sauti za watu zinakuwa mbali, na unabaki mwepesi. Watu huomba mambo wakiwa pale juu, akasema, maana inaaminika hayarudi mikono mitupu. Yeye alitafuta cha kuomba akakosa. Alichokitaka kilikuwa kimeshachomwa moto.

Walipomshusha na kumtoa kulabu, mzee Arasu alimpaka majivu matakatifu kwenye kila tundu, na safari hii alimkumbatia. Kugan alikaa kwenye mchanga, akaomba maji. Alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine, akakishika tu bila kunywa. Malar alikaa kando yake. Hatukumsikia akilia, lakini maji katika kikombe yalikuwa yanatikisika, yakimwagikia magotini mwake, mpaka kikawa hakina kitu.