Tisa ya Kibanjani

Tangu Azimio la Arusha litangazwe, mwalimu wa kilimo pale Nshamba alishika chaki kwa vidole vyeusi vya utomvu, na kila swali la darasani aliliuliza tena kwenye kibanja, shamba la migomba la shule, panga mkononi. Kwenye mtihani, mwanafunzi Buberwa aliandika vizuri kwamba shina la mgomba hubakiziwa mama, mtoto na mjukuu, yaani mgomba mkubwa na machipukizi yake mawili, akapata kumi. Alipopewa panga, akamfyeka mtoto. Mwenzake Anatolia, aliyepata mbili kwenye karatasi, alizunguka shina taratibu, akabakiza watatu wale wale. Mwalimu akafuta mbili, akaandika tisa.

“Tisa hii iko kwenye karatasi gani?” mkaguzi wa shule akafoka alipokuja kukagua alama.

Mwalimu alijipangusa vidole kwenye kaptula, akamnyooshea mpini wa panga. “Twende kibanjani, mzee. Nionyeshe mtoto ni yupi.”

Mkaguzi alitazama panga, akatazama viatu vyake. Tisa ikabaki.