Ringi Niliyoipaka Fundi Hayupo

Marehemu bibi yangu hakununua chungu kabla ya kukigonga. Tulikwenda kwa miguu hadi mnada wa Mtinko, na akifika kwa wafinyanzi anainama, anagonga kwa kidole, anatega sikio. Wenzake humcheka: "Mama, unabisha hodi, kuna nani humo?" Anawajibu kwa Kinyaturu maneno ambayo siyaandiki hapa. Siku moja mvua ilikuwa inakuja, akanunua bila kugonga, na jioni mchuzi wote ukaishia jikoni kwenye majivu. Mambo ya bibi ni mengi. Ila siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa tayari mtu mzima mwenye mke, Fundi Sungi alinipa nyundo ndogo akaniambia nigonge ringi ya lori, kile chuma kinachovikwa tairi, nikajiona nimerudi mnadani.

Fundi alifanyia kazi uani kwake, Mandewa. Enzi zile za kuhamia vijiji vya ujamaa ringi mpya ilikuwa haipatikani, kwa hiyo ya zamani tuliifufua. Unakwangua kutu kwa brashi ya waya, unaosha kwa magadi, unapiga msasa mpaka vidole vinatoa damu. Ndipo unapaka mafuta ya taa, unafuta yote, unapakaza chokaa na kungoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chokaa. Ringi yenye mstari fundi aliitia alama ya mkaa, ikawa chuma chakavu. Nzima ilipata rangi nyekundu ya kwanza, halafu unga wa fedha uliokorogwa na vanishi kutoka duka la Mhindi. Pale nati zinapokaa tulipaka mafuta ya ng'ombe ili rangi isishike, maana rangi ikibaki pale nati hulegea.

"Polepole," fundi aliniambia. "Humpambi bibi harusi."

Baadaye nimeipiga kazi hii Manyoni, Itigi, hata Dodoma, mpaka macho yakakataa. Wakubwa niliopata huko walikuwa na ofisi na makoti meupe. Hakuna aliyenifundisha zaidi ya yule wa Mandewa.

Siku moja, nikiwa bado kwa Sungi, bwana mmoja msimamizi wa magari ya kuhamisha watu alileta ringi sita. Kesho yake asubuhi lori lilikuwa lihamishe kaya za upande wa Iguguno. Ringi moja ikatoa mstari kutoka tundu la nati hadi tundu la pili. Fundi akaichora mkaa, akaenda msibani.

Bwana akarudi. "Ndugu, hii mbona haijapakwa?"

"Shikamoo mzee. Ina ufa."

"Marahaba. Ufa? Mimi naona mkaa. Watu wamekwisha bomoa nyumba zao, wewe unataka walale nje? Au unapinga vijiji?"

Neno hilo wakati ule lilikuwa zito. Nilifuta mkaa, nikapaka. Niseme kweli, ilitoka nzuri kuliko zote, na jioni bwana akazibeba zote sita.

Asubuhi fundi alirudi, akakuta ua mtupu. "Ile mbovu iko wapi?" Nikamwambia. Akatimua mbio, nami nyuma yake. Lori tulilikuta sokoni, limejaa wazee, watoto, mbuzi na magogo ya nyumba. Fundi akapita gurudumu kwa gurudumu akikwangua rangi ya fedha kwa kisu karibu na nati, na la nne likaonyesha ufa.

"Shukeni," akasema.

Bibi mmoja akauliza toka juu, "Tushuke twende wapi, baba?"

"Popote, mama. Shuka tu."

Wakashuka. Yule bwana akafika anafoka: "Nani amepaka ringi mbovu? Nataka jina!"

Nilifungua mdomo. Fundi akanitangulia.

"Mimi. Imetoka kwangu, ni mkono wangu."

Bwana akamtukana mbele ya soko zima, mtu mwenye mvi, na akatangaza kwamba magari yake hayatakanyaga tena kwa Sungi. Bwana mwenyewe alijua fika ni nani aliyeagiza ipakwe. Fundi aliitikia, "Sawa mzee," akafuta kisu kwenye suruali.

Tulirudi Mandewa. Uani akanipa brashi ya waya na ringi ya Landrova ya mtu binafsi, kama siku yoyote. Nilikwangua upande mmoja, nikaona siwezi kumtazama. Nikaweka brashi chini.

"Fundi, naenda kuchota maji."

"Haya, mwanangu. Usichelewe."

Ndoo niliiacha kisimani, nikashika barabara ya Manyoni.