Kosa la Mwalimu Wangu wa Kwamkoro

Nasema bila haya: programu ya mvua niliyoiandika Lushoto ilikuwa nzuri. Niliiandika peke yangu katika chumba cha kompyuta cha chuo nilichokuwa nikifundisha, miaka ile mashamba ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa na kila kitu kikipata mwenyewe mpya. Mtu aliingiza kipimo cha mvua cha kila asubuhi, nayo ikamchorea grafu, mwezi baada ya mwezi. Baba yangu, mkulima wa kabichi wa kuelekea Gare, aliitazama akauliza kama inaweza pia kuileta hiyo mvua.

Iliendeshwa kwenye Linux, ambayo kwetu haikununuliwa. Ulinakili CD ya mwenzako ukaendelea na maisha yako. Shida ni kwamba Linux haikuwa moja. Kila kundi la watengenezaji lilikuwa na toleo lake na namna yake ya kufunga programu katika vifurushi, na kifurushi kilichofungwa kwa ajili ya toleo hili kilikataliwa na lile. Mimi nilikuwa na toleo langu. Mtu mwingine pekee niliyemjua kuwa na Linux katika milima yetu yote alikuwa Kwamkoro, upande wa Amani, naye alitumia toleo jingine, aliloachiwa na mtafiti wa ndege wa msituni. Mtu huyo wa Kwamkoro alikuwa amenifundisha hesabu sekondari.

Alikuwa mtu wa Songea. Alipostaafu ualimu aliajiriwa na shamba la chai kutunza kumbukumbu. Tukagawana kazi: mimi niandike programu, yeye aifunge kwa ajili ya toleo lake. CD zetu zilisafiri kwa basi, zimeviringishwa kwenye gazeti, mikononi mwa makondakta ambao sijui waliamini wamebeba nini. Kila barua yangu ilianza na “Shikamoo mwalimu.” Kila barua yake ilianza na “Marahaba.”

Siku moja alinitumia kifurushi chake, pamoja na CD ya toleo lake, ili nikihifadhi. Nikaliweka toleo hilo kwenye kompyuta ya jirani, nikakijaribu humo, nikaona kosa. Katika faili lake la maelekezo alikuwa ameruka mstari mmoja, ule unaoiambia mashine kwamba sisi huanza na siku ndipo mwezi. Bila mstari huo, tarehe nne Novemba iliingia kama tarehe kumi na moja Aprili. Siku zinazozidi kumi na mbili zilipona, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu.

Ningemwandikia mistari miwili tu. Badala yake nilirekebisha nakala yangu na kunyamaza. Kwetu mtu mzima huamkiwa kwanza, na mambo mengine yatasubiri, na kumwambia mwalimu aliyenifundisha kugawanya kwamba amekosea niliona ni utovu wa adabu. Nilijiona nina heshima kweli. Kumbe nilikuwa mwoga.

Miezi minne ikapita. Kisha ikaja barua yake. Shamba lilikuwa limepata mwenyewe mpya, na meneja mpya alikuwa akipitia wafanyakazi mmoja mmoja kuona nani abaki. Yeye angeitwa Jumatatu. Alikuwa ameingiza daftari zote za mvua za shamba, za miaka na miaka, na hiyo ndiyo ingekuwa kinga yake. “Lakini mashine inaonyesha mvua kubwa katika miezi ya kiangazi,” aliandika. “Nadhani karani wa zamani, marehemu, alikuwa anakunywa. Nitamweleza meneja hivyo.”

Nilisoma barua hiyo nimesimama, nikaona aibu hadi masikioni. Mwalimu angefukuzwa kazi, na marehemu wa watu angeitwa mlevi, kwa sababu ya adabu yangu.

Jumamosi nilishuka Mombo, nikaenda Muheza, nikapanda tena na basi la Amani. Pale Sigi tulisukuma basi kwenye matope, nami nikasukuma kwa hasira za kutosha watu wawili. Nilimkuta ofisini kwake, daftari zimepangwa mezani.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Umefuata nini huku na mvua hii?”

Nikapiga moyo konde. “Karani hakuwa mlevi. Ni kifurushi chako, mwalimu. Kina kosa. Nililiona tangu zamani.”

“Tangu lini?”

“Miezi minne.”

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilingoja anifukuze. Badala yake alivuta mtoto wa meza akatoa karatasi iliyoandikwa kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Ilikuwa orodha ya makosa ya programu yangu, kumi na moja, yote ameyarekebisha kwake kimyakimya.

“Nilihofia kukukatisha tamaa,” alisema. “Ulikuwa unajisifu sana kwenye barua.”

Nilicheka, kisha nikakasirika, maana matatu kati ya hayo kumi na moja yalikuwa makubwa, na watu wa Lushoto niliowapa programu walikuwa wakiitumia nayo hivyo hivyo.

Tulifanya kazi hadi Jumapili adhuhuri. Kwa kuwa kosa lilikuwa lilelile kila mahali, niliandika programu ndogo ya kurudisha siku na mwezi mahali pake, naye akahakiki kwa daftari, ukurasa kwa ukurasa, akinisomea tarehe kwa sauti kama tuko darasani. Mvua ikarudi Novemba. Halafu tukaunganisha nakala zetu mbili kuwa moja, na pembeni yake mafaili mawili ya maelekezo, moja kwa kila toleo. Tukakubaliana kuwa atakayeona kosa atalipeleka kwenye nakala hiyo, na kumwambia mwenzake siku hiyohiyo. Baadaye niligundua kwamba wenye matoleo makubwa huko duniani nao walikuwa wakijifunza jambo hilohilo, kwa kugombana zaidi yetu.

Jumatatu alibakizwa kazini. Nilisikia kwamba alimwambia meneja waziwazi: “Kumbukumbu zilikuwa na kosa, kosa ni langu, na aliyeliona ni mwanafunzi wangu.” Jina la marehemu halikutajwa kwa ubaya.

Wiki mbili baadaye alinitumia kifurushi kipya. Nikakifungua, nikakuta amesahau kuweka faili la msaada. Nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikaandika: “Shikamoo mwalimu. Kosa lako la safari hii ni hili.”

Jibu lilikuja na basi la Alhamisi, likiwa na CD iliyorekebishwa na mstari mmoja.

“Marahaba, mwanangu. Sasa umeniamkia.”